Pichi, nektarini, aprikoti, plamu au cheri? Mwongozo kamili wa kutambua matunda ya kokwa kwa macho na kwa ulimi

Weka mezani pichi, nektarini, aprikoti na plamu zilizopigwa na jua vizuri, kisha mwombe mtu azitaje kwa kuangalia tu. Mara nyingi atakosea angalau moja, kwa sababu ataanza na rangi. Rangi ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayodanganya zaidi. Plamu zipo za manjano, za kijani, nyekundu, za zambarau na nyingine karibu nyeusi. Cheri zipo za manjano. Nektarini iliyoelekea jua huweza kukoza wekundu kuliko plamu. Kwa hiyo hapa rangi inakaa nyuma. Tutaanza na ganda, twende kwenye kikonyo na umbo, tulipasue tunda, tulichunguze kokwa, ndipo tuonje. Hatua ya kokwa ndiyo inayomaliza ubishi. Zile zinazoitangulia ni za kupunguza idadi ya washukiwa.

Tunda la kokwa lina sehemu tatu: ganda la nje, nyama tunayoila, na ukuta wa ndani uliokomaa ukawa mgumu. Ukuta huo ndio kokwa, na mbegu yenyewe imejificha ndani yake. Kwa hesabu ya wanabotania hata embe, zeituni na nazi zimo katika kundi hili. Tende haimo, ingawa mbegu yake ni ngumu, kwa kuwa mbegu hiyo haikuzungukwa na ukuta wa namna hiyo. Lakini wanaowachanganya watu ni wa ukoo mmoja tu, Prunus: pichi (wengine huiita fyulisi), nektarini, aprikoti, plamu na cheri. Lozi naye ni wa ukoo huohuo, ila kwake nyama ndiyo inayotupwa na mbegu ndiyo inayoliwa.

Hatua ya 1: Gusa ganda kabla ya kuosha

Usioshe tunda kwanza. Baadhi ya ushahidi uko juu ya ganda na maji yataupunguza. Pitisha kidole gumba taratibu kuanzia ncha hadi kwenye kikonyo.

Ukihisi malaika, yaani vinyweleo laini, unashika pichi au aprikoti. Malaika ya pichi ni marefu kiasi cha kuonekana ukilielekeza tunda kwenye mwanga, na kuna watu huwashwa midomo nayo. Ya aprikoti ni mafupi, yamelala, laini kama mahameli. Angalizo: pichi nyingi hupitishwa kwenye brashi kabla ya kufungashwa, zikatoka karibu na upara. Ukiwa na shaka, chungulia ndani ya shimo la kikonyo. Brashi haifiki huko.

Ganda likiwa tupu kabisa, umebaki na nektarini, plamu au cheri. Sasa tafuta ukungu mweupe unaofutika kwa kidole. Huo ni nta inayotengenezwa na tunda lenyewe, na plamu ndiyo inayojulikana kwayo, hasa zile za buluu na zambarau. Ukifuta, kidole huacha njia inayong'aa. Watu wengi hudhani ni dawa ya wadudu na kuisugua kwa bidii. Ni kazi bure. Kumbuka tu kwamba plamu iliyoshikwashikwa na mikono mingi hupoteza nta yake, hivyo kuwapo kwa ukungu huo ni dalili nzuri, lakini kutokuwapo kwake hakuthibitishi chochote. Nektarini haina ukungu wa namna hiyo. Ina mng'ao, na mara nyingi vidoa vidogo vyeupe vimetapakaa karibu na kikonyo. Vidoa hivyo si ugonjwa. Kwa kawaida huambatana na sukari nyingi.

Hatua ya 2: Kikonyo, mfuo na umbo

Pichi na nektarini hukaa zimebana tawi, kikonyo chao ni kifupi mno, na ndiyo maana huacha shimo lenye kina juu ya tunda. Aprikoti nayo ina kikonyo kifupi, ila shimo lake ni dogo zaidi. Plamu hubaki na kikonyo chembamba cha kuonekana. Cheri ina kikonyo kirefu, sentimita tatu na zaidi, na mara nyingi vikonyo viwili au vitatu hutokea sehemu moja.

Kisha angalia mfuo, ule mstari unaoshuka kutoka kwenye kikonyo hadi ncha ya tunda. Kwenye pichi na aprikoti ni wazi na mara nyingi hugawa tunda katika pande mbili zisizolingana. Kwenye plamu ni hafifu, na kwenye cheri unaweza usiuone kabisa.

Ukubwa husaidia kidogo tu. Aprikoti nyingi ni za sentimita nne hadi sita, cheri tamu mbili hadi tatu, pichi na nektarini kwa kawaida huzidi hapo. Aprikoti pia hubonyea kidogo ubavuni. Ukikutana na tunda bapa lililozama katikati juu na chini, hiyo ni pichi bapa, aina ya zamani kutoka China, na haifanani na kitu kingine chochote katika ukoo huu.

Hatua ya 3: Pasua, kisha safisha kokwa

Chukua kisu kidogo chenye makali. Fuata mfuo, ukate hadi kisu kiguse kokwa, zungusha tunda mpaka urudi ulikoanzia. Shika nusu moja kwa kila mkono na uzisokote kwa kupishana.

Aprikoti mbivu huachana mara moja na kokwa hubaki safi. Plamu nyingi za Ulaya hufanya vivyo hivyo. Plamu za Kijapani mara nyingi hung'ang'ania, ukavuta mpaka nyama ikararuka mkononi. Pichi na nektarini ziko za aina zote, zinazoachia, zinazoshika na zinazoachia nusunusu, kwa hiyo kushika kokwa kunakuambia habari za aina ya pichi, si kwamba tunda ni pichi au si pichi. Pichi zinazoshika, zenye nyama ngumu isiyovurugika kwenye joto, ndizo zinazopendwa na viwanda vya makopo.

Itazame nyama sasa. Ya pichi ina nyuzi na maji mengi, na kuzunguka kokwa mara nyingi kuna wekundu ulioingia ndani. Ya aprikoti ni rangi ya chungwa moja tangu ganda hadi kokwa, kavu kiasi kwamba unaweza kuikata vipande bila kulowanisha ubao. Ya plamu hupitisha mwanga kidogo, na inaweza kuwa ya manjano ndani ya ganda jeusi au nyekundu ya damu ndani ya ganda la kijani.

Halafu kokwa. Lioshe, lisugue kwa brashi ya mswaki mpaka nyuzi zote zitoke, lipanguse. Hapa usiwe na haraka, maana kokwa chafu zote hufanana.

Kokwa la pichi lina mifereji na mashimo ya kina, utadhani kipande cha mti kilichotafunwa na mchwa. Limechongoka upande mmoja na ni gumu kupasua. La nektarini ni hilohilo. Kwa kokwa peke yake huwezi kuzitenganisha, na sababu yake nitaieleza chini kidogo. La aprikoti ni bapa kiasi na usoni ni laini, halina shimo hata moja, na ukingo wake mmoja una ukuta mkali wenye mifereji miwili pembeni. La plamu ni bapa zaidi, lina umbo la yai lililobanwa, na uso wake una mparuzo hafifu. La cheri ni la mviringo, dogo, laini, la rangi iliyofifia. Ukikuta vitundu vidogo kama vya sindano juu ya kokwa refu bapa, hilo ni ganda gumu la lozi.

Onyo, kwa kuwa sasa una makokwa mkononi na pengine nyundo karibu: usitafune mbegu zilizo ndani. Zina amigdalini, kemikali ambayo ikisagwa na kumeng'enywa hutoa sianidi. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilionya mwaka 2016 kwamba mtu mzima akila mbegu ndogo mbichi za aprikoti zaidi ya tatu kwa mkupuo mmoja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwa mtoto mdogo hata moja ndogo inaweza kutosha kuvuka. Kokwa zima lililomezwa kwa bahati mbaya ni jambo jingine, kwa sababu mbegu imebaki imefungwa.

Hatua ya 4: Nusa na uonje kwa mpangilio

Tunda lililotoka kwenye jokofu halina harufu ya kuaminika. Liache nje mpaka baridi iishe kabisa, ndipo unuse kwenye shimo la kikonyo. Pichi na nektarini hutoa harufu nzito, ya utamu ulio na ulaini ndani yake, inayotokana na kemikali ziitwazo laktoni. Aprikoti ina laktoni pia, lakini juu yake kuna manukato ya maua, na hilo ndilo linaloitofautisha hata ukiwa umefumba macho. Plamu hunuka kidogo sana kabla ya kukatwa. Cheri hujitokeza ikitafunwa, na ladha yake ya pekee hutoka kwa benzaldehidi, kemikali ileile iliyo katika lozi chungu. Wanaosema cheri ina ladha ya lozi wako sahihi.

Kwenye kuonja, gawanya tunda mara tatu. Kwanza nyama ya katikati bila ganda. Pili ganda peke yake, ulitafune vizuri. Tatu nyama iliyo jirani na kokwa. Kati ya kila tunda kunywa maji, la sivyo tunda chachu litalifanya linalofuata lionekane tamu kuliko lilivyo.

Mpangilio huu unafaa zaidi kwa plamu. Plamu ya Kijapani ina katikati tamu, ganda chachu lenye ukakasi, na uchachu mwingine unakusubiri kwenye kokwa. Mtu akiila kwa kuing'ata nzima hupata vyote kwa mpigo na kuita ladha hiyo "ya plamu" bila kujua imetoka wapi. Pichi haina ukali wa ganda wa namna hiyo. Aprikoti ina uchachu ulioenea sawasawa, haukusanyiki mahali pamoja, na huacha mdomo ukiwa umekauka kidogo badala ya kulowa. Nektarini, ikilinganishwa na pichi ya rangi ileile, mara nyingi ni ngumu zaidi kuing'ata na ladha yake ni kali zaidi, ingawa aina zimekuwa nyingi mno siku hizi kiasi kwamba singeweka dau juu ya hilo.

Rangi ya nyama inaingia hapa kwa halali. Pichi na nektarini za manjano kwa kawaida zina uchachu unaousimamisha utamu. Nyeupe huwa na asidi kidogo, hivyo huonekana tamu zaidi hata kama sukari ni ileile. Wapo wanaoziabudu nyeupe. Mimi naona baada ya vipande viwili zinachosha.

Hatua ya 5: Jozi zinazosumbua

Pichi na nektarini. Wengi bado husema nektarini ni mtoto wa pichi na plamu. Si kweli. Ni spishi moja, Prunus persica. Tofauti ni jeni moja inayoamua kama malaika yataota au la, na mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kwenye nektarini kipande cha DNA kimejipenyeza ndani ya jeni hiyo na kuiharibu. Mpichi wa kawaida huweza kutoa tawi lenye nektarini, na mnektarini ukatoa pichi. Charles Darwin alishaandika habari hizo mwaka 1868. Kwa hiyo ukiwa na matunda haya mawili, kipimo ni ganda tu. Ukishayamenya, huna tena namna ya kuwa na uhakika, na usione aibu kusema hujui.

Pichi ndogo na aprikoti. Pasua. Kokwa lenye mifereji ni pichi, lililo laini ni aprikoti. Usipokuwa na kisu, angalia maji: pichi iliyoiva hukuchuruzikia kiganjani, aprikoti haifanyi hivyo.

Nektarini na plamu nyekundu. Shimo la kikonyo lenye kina na vidoa vyeupe vyaelekea nektarini. Kikonyo chembamba na mabaki ya nta vyaelekea plamu. Kokwa litamaliza.

Cheri na plamu ndogo. Ipo plamu inayolingana na cheri kabisa kwa ukubwa na rangi. Kikonyo chake ni kifupi, si kirefu kama cha cheri, na kokwa lake ni bapa. Kokwa la cheri hubingirika mezani. La plamu hulala ubavu.

Cheri tamu na cheri chachu nazo zinastahili neno. Tamu ni kubwa, ina umbo la moyo, nyama yake hukinza jino. Chachu ni ndogo, ya mviringo, laini, na ganda lake hupitisha mwanga kidogo. Aina ya Montmorency ina maji maangavu, Morello ina maji meusi yanayotia doa. Na ile ya manjano yenye shavu jekundu, ambayo watu huidhania haijaiva, ni Rainier, iliyozalishwa katika jimbo la Washington nchini Marekani mwaka 1952. Ni tamu kweli.

Plamu za Ulaya na za Kijapani. Hapa ndipo pana utajiri. Za Ulaya huwa na umbo la yai, buluu au zambarau, nyama ya manjano inayoelekea kijani, kavu kiasi na tamu. Za Kijapani ni kubwa, za mviringo au za moyo, zenye maji mengi. Jina "za Kijapani" lisikupoteze: asili yake ni China, ila Luther Burbank, mzalishaji wa mimea wa California, aliziagiza kutoka Japani mwaka 1885 na kuzizalisha upya, akatoa Santa Rosa mwaka 1906. Ndani ya kundi la Ulaya kuna Mirabelle, ndogo ya manjano yenye madoa mekundu, fahari ya Lorraine nchini Ufaransa. Kuna Reine Claude, iliyopewa jina la malkia wa Ufaransa, ambayo hubaki kijani hata ikiwa imeiva na ikawa tamu kuliko nyingi zenye rangi. Na kuna damsoni, nyeusi ya buluu, yenye ukakasi unaofunga ulimi ukiila mbichi lakini unaogeuka kuwa jemu bora.

Ume ya Japani. Huitwa plamu mara nyingi, lakini iko karibu zaidi na aprikoti, na hufanana na aprikoti ya kijani yenye malaika. Uchachu wake ni mkubwa mno kuliwa mbichi. Tofauti na aprikoti, nyama yake hushika kokwa, na kokwa hilo lina vitundu.

Machotara. Burbank ndiye aliyeanza kuchanganya plamu na aprikoti, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Floyd Zaiger, naye wa California, akatoa Pluot, iliyo na damu nyingi ya plamu. Kwa sura ni plamu: ganda tupu, wakati mwingine la madoadoa. Kwa mdomo utaijua ukifika hatua ya ganda, kwani ule uchachu unaoutegemea haupo au ni mdogo sana. Chotara iliyoegemea aprikoti hurudisha malaika kidogo na harufu ya maua. Kuna pia aprikoti nyeusi, mchanganyiko wa aprikoti na plamu, yenye ganda la zambarau nzito lakini la mahameli. Ukilitazama tu utasema plamu, ukiligusa utasita.

Hatua ya 6: Hakikisha umeonja tunda lililoiva

Tunda bichi litakupa majibu ya uongo katika hatua ya nne. Usiangalie wekundu, kwa sababu huo ni kazi ya jua. Angalia rangi ya chini, ile iliyo karibu na kikonyo: kwenye pichi, nektarini na aprikoti kijani kiwe kimegeuka manjano au maziwa. Kisha bonyeza kwa upole jirani na kikonyo, usibonyeze ubavuni, utaliumiza.

Pichi, nektarini, aprikoti na plamu huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Hulainika na harufu huongezeka, ingawa sukari haiongezeki kwa kiasi cha maana, kwa hiyo tunda lililochumwa mapema mno litakuwa laini bila kuwa tamu. Mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu huharakisha, kwani ndizi hutoa gesi ya ethilini. Cheri haiivi tena ikishachumwa. Ilivyo ndivyo itakavyokuwa.

Jokofu ni adui wa pichi isiyoiva. Kati ya nyuzi joto 2 na 8 hivi, nyama ya pichi na nektarini huharibika taratibu ikawa ya ungaunga, kavu, isiyo na ladha. Mtu akiila hiyo anaweza kuapa kwamba ni aprikoti mbovu. Ivishe nje kwanza, ndipo uiweke kwenye baridi kwa siku chache.

Yakiwa yamekaushwa

Kokwa likiwa limetolewa na malaika yamesinyaa, unabaki na umbo, ukubwa na ulimi. Aprikoti iliyokaushwa ni duara dogo linalovutika. Ikiwa bado ina rangi ya chungwa angavu, imepitishwa kwenye dioksidi ya salfa. Isiyopitishwa huwa ya kahawia na ladha yake huelekea sukari iliyoungua. Pichi iliyokaushwa ni pana zaidi, ina nyuzi, na pembezoni hujikunja, mara nyingi ikiwa na wekundu pale kokwa lilipokuwa. Plamu iliyokaushwa ni nyeusi, nzito, yenye unyevu, na karibu kila mara ni ya Ulaya, kwa sababu zile zina sukari ya kutosha kukauka zima, na kokwa ndani, bila kuchacha. Za Agen nchini Ufaransa ndizo zenye sifa. Cheri iliyokaushwa mara nyingi hudhaniwa kuwa zabibu kavu. Itafune polepole: ikileta uchachu na ile ladha ya lozi kwa mbali, ni cheri.